Kufungua programu bila kugusa mausi

Dada wa Steshenari: Wakuu, hapa dukani foleni haikatiki, huyu anataka CV ichapwe, yule askaniwe cheti, na mausi inagomagoma. Mashine ni Windows 10, RAM GB 4. Nawezaje kufungua Word na Excel kwa kibodi tu?

Fundi Kibodi: Dada, usipakue kitu kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows, andika "word", piga Enter. Word hiyoo! Zile unazotumia kutwa zibandike kwenye upau wa chini: ya kwanza kushoto inafunguka kwa Windows + 1, ya pili Windows + 2.

Mdau: Kuna PowerToys Run ya Microsoft, kifaa cha kutafuta na kufungua programu kwa kuandika jina lake, bure kabisa. Ukibonyeza Alt + Space, kisanduku cha kuandikia kinatokea, ukiandika 350*12 hata jibu la hesabu kinakupa. Ila kwa GB 4 mimi ningeiacha, inakaa nyuma ikila RAM.

Dada wa Steshenari: Windows + 1 imekubali, asante sana. Ila Word ikiwa tayari imefunguka inanirudisha kwenye CV ya mteja aliyepita.

Fundi Kibodi: Ongeza Shift hapo, Windows + Shift + 1. Inakuletea dirisha jipya.