Shawshank: King kwenye karatasi au Darabont kwenye skrini?

Karani
Wakuu, mada iko mezani. Mwaka 1982 Stephen King alitoa kitabu cha Different Seasons chenye riwaya fupi nne. Mojawapo ni Rita Hayworth and Shawshank Redemption. Mwaka 1994 Frank Darabont akaandika skripti yake na kuiongoza mwenyewe kama filamu ya The Shawshank Redemption. Tim Robbins ni Andy Dufresne, ofisa wa benki aliyefungwa maisha kwa kumuua mkewe na hawara yake, mauaji ambayo hakuyafanya. Morgan Freeman ni Red, msimulizi, mfungwa anayejua kuingiza karibu kila kitu gerezani.

Wengi wanasema filamu imekipita kitabu. Mimi nasema imekilainisha, tena kuanzia kwa Red mwenyewe. Kitabuni Red anataja kosa lake bila kuzunguka: alimkatia mkewe bima kubwa ya maisha, akaharibu breki za gari ili apate hela. Njiani mkewe akampakia jirani na mtoto wake mdogo. Wakafa wote watatu. Kwenye filamu tunaambiwa tu kwamba aliua, basi. Ni rahisi sana kumpenda mtu ambaye hujaambiwa alimuua nani.

Mkata Filamu
Nakupinga, Karani. Filamu ina dakika 142. Kitabuni Andy yuko ndani kutoka 1948 hadi 1975, na wakuu wa gereza watatu wanapita humo: Dunahy, Stammas, halafu Norton. Ukiwaweka wote watatu kwenye skrini, kila mmoja anapata dakika chache na mtazamaji hamkumbuki hata mmoja. Darabont akawafanya mtu mmoja, Norton, na Andy akatoroka baada ya miaka 19 badala ya 27. Hiyo ni kazi ya kawaida ya skripti, wala si kulainisha.

Karani
Kuwaunganisha sina shida nako. Shida yangu ni alichofanyiwa Tommy. Huyu ni kijana aliyewahi kukaa selo moja na muuaji halisi, kwa hiyo anaweza kumtoa Andy. Kwenye filamu Norton anamwita nje usiku, na Hadley, mkuu wa walinzi, anampiga risasi kutoka mnarani. Kitabuni Norton hamgusi hata kwa kidole. Anamhamishia Cashman, gereza la ulinzi mwepesi lenye ruhusa za kwenda nyumbani, na Tommy ana mke na mtoto mdogo. Bei ya uhamisho ni kufunga mdomo. Tommy anakubali, na Andy anabaki bila shahidi.

Hapo ndipo King anapouma. Maiti italeta uchunguzi, lakini karatasi ya uhamisho ni halali kabisa, ina mhuri na saini. Ufisadi unaofanya kazi miaka yote ni huo. Na ukishamfanya Norton muuaji, inabidi umwadhibu mwishoni, ndiyo maana filamu inamfanya ajipige risasi polisi wakiwa mlangoni. Kitabuni anajiuzulu miezi mitatu baada ya Andy kutoroka, ameinamisha kichwa, anakwenda zake.

Fundi Zege
Jamani, mnaongea maadili wakati uzuri wa kitabu uko ukutani, pale Andy alipochimba shimo la kutorokea kwa kinyundo na kulificha nyuma ya picha. Filamu inaonyesha kinyundo kimoja. Kitabuni Andy ananunua cha kwanza 1948, kinaisha, anaagiza kingine. Hiyo ndiyo hesabu ya mtu anayejua zege. Kichwa cha chuma kidogo hivyo kikigonga ukuta kwa miaka lazima kilike. King anaeleza pia kwa nini ukuta ulikubali: jengo lile lilijengwa miaka ya 1930, na zege la wakati huo halikuwa imara kama watu walivyodhani. Kifusi kinatoka kidogokidogo kwa njia ya suruali hadi uwanjani, na hilo limo kote kuwili.

Ila kuna mtu filamu imemtupa ambaye ni wa lazima: Normaden. Kwa miezi kadhaa Andy aliwekewa mwenzake selo, na huyo Normaden alilalamika kwamba selo ile ina upepo, ni baridi muda wote. Sentensi moja tu, imepita kama porojo za jela. Ukifika kwenye kutoroka ndipo unatambua upepo ule ulitoka wapi: nyuma ya picha ya ukutani. Filamu ilihitaji mkuu wa gereza arushe jiwe litoboe picha ili sisi tushtuke. Kitabuni tulikuwa tumeshaambiwa.

Na lile bomba la maji taka ambalo Andy alitambaa ndani yake kutoka gerezani. Msimulizi wa filamu anasema yadi 500, urefu wa viwanja vitano vya mpira wa Kimarekani, karibu nusu maili. Yadi 500 ni mita 457. Nusu maili ni mita 805. Ameongeza bomba karibu mara mbili!

Mkata Filamu
Hahaha, bomba nakubali. Lakini radi? Andy anapiga bomba kwa jiwe kila radi inapopiga ili mlio usisikike. Kitabuni Red hakuwepo, kwa hiyo anakisia tu. Kamera haiwezi kukisia, lazima ionyeshe.

Karani
Lakini kukisia kwake ndiko hadithi yenyewe. Red anaorodhesha kila ambacho kingeharibika. Andy angeweza kuhamishwa selo wakati wowote. Hata Bodi ya Parole, inayoamua nani aachiwe mapema, ingekuwa balaa: anayekubaliwa huhamishiwa jengo jingine kabla ya kuachiwa, na selo yake husafishwa. Yaani kuachiwa huru kihalali kungefichua shimo na kumletea kifungo kipya. Hofu hiyo filamu haina kabisa.

Pesa nazo ni hivyohivyo. Kitabuni rafiki yake Jim alimtengenezea jina la Peter Stevens na kuwekeza dola 14,000, zikakua hadi zaidi ya 370,000. Ufunguo wa sanduku la benki uko chini ya jiwe jeusi shambani Buxton, na Andy anakaa jela akiwaza kwamba mtu atajenga juu yake. Filamu inampa Randall Stephens, jina alilolibuni mwenyewe, na pesa ni za rushwa ya Norton. Ina utamu, sikatai, mwizi kaibiwa. Lakini ile miaka ya kuogopa jiwe lisije likafukiwa na lami imepotea.

Msoma Pembeni
Mbona hamtaji Brooks? Kitabuni mzee wa maktaba anapata mistari michache, anatoka na kufia kwenye makao ya wazee. Hata ndege Jake si wake, ni njiwa wa mfungwa mwingine, naye anaokotwa amekufa uwanjani. Darabont akampa Brooks kunguru, chumba cha kupanga, kazi ya kufungasha bidhaa dukani, na jina lililochongwa kwenye boriti kabla hajajinyonga. Red anapopangishwa chumba kilekile, hatuhitaji maelezo ya nini kinamvuta. King alihitaji kurasa nzima za Red akijieleza. Hapo filamu imeshinda, tena mbali.

Karani
Hapo nakupa, bila ubishi.

Mkata Filamu
Basi tumalizie na ufukwe, pale mwisho wa filamu Red anapomkuta Andy. Kitabu kinaishia Red akiwa njiani, akitumaini atavuka mpaka, akitumaini atamwona rafiki yake. Skripti ya Darabont nayo iliishia kwenye basi. Kampuni ya Castle Rock ndiyo iliyotaka wakutane, wakapiga picha ile kisiwani St. Croix, Karibi, wala si Mexico inayotajwa kwenye hadithi. Ila angalieni alivyoipiga: kamera iko mbali, hakuna neno linalosikika, tunaona watu wawili wadogo na bahari. Nasema aliipa studio ilichotaka kwa bei ndogo kuliko zote.

Fundi Zege
Ungekata ile picha, nani angelalamika? Ukimtoa Normaden, mimi nalalamika mpaka leo.

Karani
Mimi ningeikata. Red aliyeua watatu kwa ajili ya bima hana haki ya kuhakikishiwa ufukwe. Anachoruhusiwa ni kutumaini, na King aliishia hapo kwa makusudi.