Spika nzuri zimenitenga na Jamhuri na Atomic. Tatizo ni mimi au ni rekodi?

Mwana_Chumbageni: Wakuu, tujadili. Tangu ninunue amplifaya na spika za maana (msiniulize bei, mama watoto yumo humu) sipigi tena bendi zetu za zamani za Tanga, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz. Nikiziweka, gitaa linalia kama limo ndani ya kopo, besi hakuna. Najikuta napiga nyimbo za Wazungu nisizojua hata maneno yake, kisa zimerekodiwa safi. Chombo kizuri kinakuza sikio au kinakupangia cha kusikiliza? Na zile rekodi za zamani zisafishwe au ziachwe?

Bi_Makorora: Kopo? Atomic unaiita kopo? Mwanangu, hilo kopo ndilo lililomchezesha baba yako mpaka akampata mama yako.

FundiRedio_Ngamiani: Mchawi ni sabufa. Bendi nzima ilikaa chumba kimoja, ikapiga kwa mkupuo, ikatoka mono, yaani sauti ya njia moja tu, si kushoto na kulia. Kwenye santuri besi nzito ilipunguzwa makusudi, sindano isiruke. Wewe umefungulia sabufa mpaka vikombe vinatembea mezani, halafu unatafuta besi ambayo haikuwekwa. Izime, sogeza spika zikaribiane, punguza trebo. Utasikia gitaa la pili linavyomjibu mwenzake.

Raskazone_Dijitali: Fundi anatetea kibanda chake. Watu walikuwa wanaimba ndani ya pembe la kurekodia, kama Siti binti Saad kule Nairobi, leo tuambiwe ni rekodi?

FundiRedio_Ngamiani: Bombay, 1928, kampuni ya HMV. Na pembe ilishapitwa, kurekodi kwa maikrofoni za umeme kulianza 1925. Nairobi ni habari za bendi, baadaye sana.

Raskazone_Dijitali: Haya, Bombay. CD imetoka 1982, nyie bado mnalilia mkwaruzo.

Bi_Makorora: Nani kalilia mkwaruzo? Mie nimetetea Atomic.

Kijana_wa_Sahare: Naomba kuongeza. Upande mmoja wa zile santuri za mizunguko 78 kwa dakika ulibeba dakika kama tatu tu. Taarab ukumbini wimbo unakwenda robo saa, mtu anainuka anatunza, anarudi kukaa, kiitikio bado kinazunguka. Kwenye santuri beti zinakatwa. Kwa hiyo chombo kimeanza kutuchagulia zamani, kabla ya amplifaya ya mkuu hapo juu.

Baba_Jamhuri: Atomic, Atomic! Bendi ya Tanga ni Jamhuri. Kwisha.

Bi_Makorora: Jamhuri si ilianza ikiitwa Young Nyamwezi? Hiyo ya Tabora, baba.

Baba_Jamhuri: Babu yangu Mnyamwezi. Alikuja kukata mkonge, kazikwa hapahapa. Mtu akiwakatia mkonge ni wenu, akiwapigia gitaa ni wa Tabora?

Bi_Makorora: Usinipandishie. Babu yako sijamgusa, nimetaja jina la bendi.

Raskazone_Dijitali: Tanga, waja leo waondoka leo 😂

Baba_Jamhuri: Hakuondoka. Ndiyo ninayokwambia. Na wewe wa Raskazone, nyumba unayokaa kajenga nani?

Raskazone_Dijitali: Nyumba ya kupanga, mzee. Tuhurumiane.

Mwana_Chumbageni: Jamani, swali langu. Nimezima sabufa kama fundi alivyosema. Gitaa la pili nimelisikia, kweli, lipo na linasema. Lakini ngoma bado iko mbali, kama inapigwa kwa jirani. Nikisema naburudika nitakuwa mnafiki. Zikisafishwa nitarudi.

Bi_Makorora: Nilisikia moja waliyoisafisha. Mkwaruzo umetoka, na pumzi ya mwimbaji imetoka nao. Ukimsikiliza unadhani anaimba kajifunika blanketi.

FundiRedio_Ngamiani: Kwa sababu mkwaruzo na zile "s" za mwimbaji viko masafa mamoja. Ukikata kwa pupa, vyote vinakwenda.

Raskazone_Dijitali: Kwa hiyo mnakubali ziachwe zikwaruze?

Bi_Makorora: Wewe hujaulizwa.

Baba_Jamhuri: Kuna mwenye santuri halisi za Jamhuri? Nanunua, bei tutaelewana.

Bi_Makorora: Ninazo. Siuzi, hasa kwako.

Baba_Jamhuri: Si ulisema ni ya Tabora?

Bi_Makorora: Ya Tabora, lakini naicheza.