Tupeane uzoefu: moto kichaa ulikuachia nini?

Mwana Mufindi
Kamwene wakuu. Juzi jioni nimetoka Mafinga kwenda Makambako. Kabla ya kufika Nyololo moshi umelala barabarani, malori yamewasha taa na jua bado lipo. Kulia na kushoto misindano, hii miti ya paina, imesimama, majani yamekuwa rangi ya kutu. Kwa kuiangalia ni miti ya miaka saba au minane, ya mtu aliyekwisha kuanza kuipigia hesabu.

Ile harufu imenirudisha nyuma. Mimi niliungua ekari nne, na sikuwa hata na nguvu ya kwenda kuangalia; nilikaa nje kwa shemeji yangu siku mbili. Waliopitia haya, mlianzaje upya? Na nyinyi ambao bado mna miti, njia ya moto, ile ya kuuzuia usiingie shambani, mnafyeka upana gani? Nimepanda tena mwaka jana na mwezi wa tisa ndio huu.

Mwalimu Mstaafu
Pole sana ndugu yangu. Mimi ni Kilolo. Nilipanda ekari sita nikiwa bado nafundisha, kila mshahara naweka kidogo, nikijua nikistaafu miti itanipokea. Ilikuwa na miaka kumi na moja ilipoungua. Nilichojifunza ni kwamba moto unakula siku moja, wanunuzi wanakuja siku ya tatu. Wanajua msindano uliokufa ukisimama wiki chache mbao inaingia bluu ndani na haina bei. Kwa hiyo mtu anakutajia robo ya bei na anawasha pikipiki, anakuangalia. Nikauza. Zile pesa zilikwenda kwenye deni la SACCOS lote.

Dingdong
Mwalimu ulifanya sawa kuuza. Mimi napasua mbao, nakwambia gogo lililoungua ni la kukimbiza. Leta mashine shambani wiki ile ile, pasua, panga mbao zipate upepo, hapo unaokoa kitu.

Mzee wa Nguzo
Dingdong unatetea kazi yako. Watu wanauza kwa hofu. Moto ukipita chini tu ukababua gome, mti mkubwa unaweza kupona. Subiri mvua za kwanza uone unaochipua juu ndipo ukate uliokufa. Nimeona mtu kakata shamba zima na nusu ilikuwa hai.

Dingdong
Subiri mvua, mzee, halafu uje uniuzie mbao za bluu. Patula, msindano wetu huu, ina gome jembamba. Ikiungua sawasawa haichipui, siyo mlingoti (mkaratusi) huo.

Mama Mizinga
Mimi niko Makete, sina miti ya mbao, nina mizinga. Au nilikuwa nayo. Mizinga 32 kwenye msitu wa asili uliokuwa juu ya kijiji. Moto uliwashwa na warina asali wa kienyeji, wale wa kwenda usiku na kienge cha moto, wanachoma nyuki, wanabeba asali, kienge wanakiacha pale pale. Mnazungumzia mbao, lakini sisi kilichotuumiza ni maji. Kulikuwa na chemchemi pale, wanawake wa vitongoji viwili tulikuwa tunachota hata mwezi wa kumi na moja. Baada ya kuungua kile kichaka cha juu, mvua ya kwanza ilishusha tope jeusi, kisima kikafukiwa. Tulichimbua. Mwaka uliofuata mwezi wa tisa kikakauka. Sasa mabinti zetu wanashuka bondeni na kupanda saa nzima na ndoo kichwani, na hakuna mwanaume hata mmoja kijijini anayelitaja hilo akihesabu hasara ya moto.

Green City
Mama Mizinga umesema kweli. Sisi wa Mbeya mjini tunaangalia mlima Loleza usiku unawaka kama mkufu, watu wanapiga picha.

Ngwasi
Tuseme ukweli, hawa wafugaji waliohamia ndio wanachoma ili nyasi zichipue. Zamani hakukuwa na moto huu.

Mwalimu Mstaafu
Ngwasi, zamani ulikuwepo. Ila misindano haikuwepo. Nyasi zilikuwa zinaungua, zinachipua, maisha yanaendelea. Sasa mlima mzima umejaa mti mmoja, na chini yake majani makavu yamelala kama godoro. Usimtafute mgeni.

Ngwasi
Sijasema wote. Nimesema wapo.

Mzee wa Nguzo
Wapo pia wakulima, wachoma mkaa, wawindaji wa ndezi, na anayetupa kishungi cha sigara kwenye basi. Wapo pia matajiri wa Dar wanaonunua ekari mia, wanaweka mlinzi mmoja, hawapogolei. Yale matawi ya chini makavu ndiyo ngazi ya moto. Moto ukipanda juu umekwisha, matawi mabichi ya kupigia hayasaidii kitu.

Mama T
Nimesoma tangu jana nikawa nasita. Acha niandike.

Nilikuwa kidato cha pili, nimerudishwa nyumbani ada. Mwezi wa kumi. Kijiji chetu kiko mteremkoni, juu kuna miti ya baba, chini bondeni kuna vinyungu, zile bustani za kiangazi. Saa nne asubuhi hakukuwa na upepo hata kidogo. Saa nane tukasikia yowe. Sisi wa huko tunalijua yowe la msiba na yowe la moto, hayafanani. Mama alitupa mwiko, kila mtu akashika tawi, watoto wakabeba ndoo.

Tulipofika ulikuwa unasikika kabla ya kuonekana, kama lori linapanda mlima na mzigo. Wanaume wakaamua kuwasha moto mwingine kwa juu ili ukakutane na ule wa chini. Huwa wanafanya hivyo na huwa unakubali. Siku ile upepo uligeuka. Baba akakumbuka kwamba vijana wawili walikuwa wanafyeka njia upande wa pili wa kilima na hawaoni kinachokuja. Alikimbia. Sikumwita, nilidhani anarudi sasa hivi.

Vijana walitokea kwa chini, wamefuata kijito, wanakohoa. Tukauliza baba yuko wapi, wakasema wamesikia sauti yake inawaambia shukeni, hawakumwona. Tulimpata jua linazama, kwenye mtaro mkavu, amelala kifudifudi, amejifunika koti kichwani. Usiku kucha tukiwa na mwili sebuleni mbegu za misindano zilikuwa zinapasuka kule juu, pa, pa. Mpaka leo sitaki bisi zikaangwe ndani kwangu.

Sasa jambo lenyewe. Moto ulitoka kwenye kinyungu cha baba mdogo. Alikuwa anachoma mabua apande maharage. Mama alimwona asubuhi anapita na kijinga cha moto kutoka jikoni kwetu. Kwetu, ndiyo. Aliomba, mama akampa. Polisi walipokuja kuuliza, ukoo mzima tulisema hatujui. Mama aliniambia usiku, "Nikimpeleka jela, nani atatulimia?"

Sikurudi shule. Nilikwenda Dar kufanya kazi za ndani nikiwa na miaka kumi na sita. Shamba lilikaa, miti ya miwati ikaota yenyewe kila mahali, maana mbegu yake inaamshwa na moto.

Green City
Dada, sina la kusema. Pole.

Mama Mizinga
Pole mwanangu. Mungu amlaze baba pema.

Sheria Mkononi
Pole sana. Lakini hapa ndipo tunapokosea. Sheria ya Misitu ya 2002 inataka kibali kabla ya kuwasha moto kama huo. Mngesema ukweli, kijiji kingejifunza. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Dingdong
Wewe umeona kuna msiba hapo, unaleta vifungu?

Sheria Mkononi
Naheshimu msiba. Nasema kuhusu msiba unaofuata.

Mwalimu Mstaafu
Kijana, kibali unakifuata kwa mtendaji ambaye leo yuko wilayani kikaoni, na mvua haimsubiri. Hapo ndipo pa kurekebisha. Kijijini kwetu tulikubaliana anayetaka kuchoma awaambie majirani wanne wa mpakani, waje na matawi, wachome jioni upepo ukilala, na asiondoke mtu mpaka majivu yapoe. Bado tunaungua, lakini hatujaungua shamba zima tangu hapo.

Ngwasi
Asubuhi ni bora kuliko jioni, kuna umande.

Mwalimu Mstaafu
Umesoma habari ya Mama T? Waliwasha asubuhi.

Avokado Njombe
Wakuu, achaneni na misindano. Panda parachichi, chini pasafi, unavuna kila mwaka. Mimi nimezungushia hata shamba la miti la mzee, mistari mitatu.

Mzee wa Nguzo
Parachichi kwenye mteremko usio na maji? Zungushia milingoti, ikiungua inachipua kwenye kisiki.

Mama Mizinga
Milingoti tena! Mkimaliza mje mtuchotee maji.

Mwana Mufindi
Nawashukuru wote. Mama T, nimesoma mara tatu, nimemsomea na mke wangu. Kama hutajali, baba mdogo yuko hai? Na lile shamba lina nini sasa? Na swali langu la mwanzo bado halijajibiwa, njia ya moto upana gani?

Mama T
Yuko hai, ni mzee sasa. Tulipanda tena misindano miaka mitano iliyopita, nilituma pesa ya miche. Kila mwezi wa saba, kabla nyasi hazijakauka, anakwenda peke yake na fyekeo anasafisha mpaka wote wa shamba la kaka yake. Hatua ishirini, mpaka udongo uonekane. Hajawahi kutuambia anakwenda, na sisi hatujawahi kumuuliza. Mama humpelekea uji tu.