Kofia ya rangi mbili imebana na kujikunja: naomba ushauri kabla sijaanza sweta

Mfumaji wa Kirumba aliandika:

Wakubwa zangu, shikamooni, na wengine nawasalimu. Mimi ni mkazi wa Kirumba, Mwanza, na kwa miaka mitatu nimekuwa nikifuma kama burudani ya jioni: soksi za watoto wachanga, kofia, na shali moja ambayo mpaka leo haijaisha. Miezi ya karibuni nimenogewa na ufumaji wa rangi mbili, ule ambao katika safu moja unafuma kwa uzi mmoja huku mwingine ukipita nyuma ya kazi kusubiri zamu yake, na sasa hata nikiona kitenge cha mtu ndani ya daladala nahesabu maua yake nikijiuliza yangeingia katika vitanzi vingapi.

Tatizo langu ni kofia ya kaka yangu aliyehamishiwa Njombe, ambako baridi ya Juni na Julai si ya mchezo. Sampuli yangu ya rangi moja, kwa sindano za milimita 4, ilitoa vitanzi 20 kwa kila sentimita 10, hivyo nikaanza na vitanzi 96 nikitarajia sentimita 48. Sehemu ya maua imetoka sentimita 40, imejikunja kama ngozi iliyoanikwa juani, wala haipiti kichwani. Tena maua mekundu yamekolea upande mmoja na kufifia upande mwingine, ingawa uzi ni uleule. Nilikusudia baada ya hapo nimfumie sweta nzima ya namna hiyo. Nimekosea wapi, na je, hilo la sweta niliache kwanza?

Bibi wa Sindano alijibu:

Marahaba, mwanangu. Hesabu yako ni sahihi, ila ulipima kitu kimoja ukafuma kingine. Vitanzi 96 katika sentimita 40 ni vitanzi 24 kwa kila sentimita 10, na sababu ni kwamba uzi unaopita nyuma umelala moja kwa moja, hauna mnyumbuko wa kitanzi. Ukiukaza kidogo tu, unavuta kitambaa chote kama kamba ya mdomo wa mfuko. Fuma sampuli nyingine kwa rangi zote mbili, tena kwa mzunguko kama kofia yenyewe, maana mkono wa mtu hukaza tofauti anapofuma kwenda na kurudi.

Panda hadi sindano za milimita 4.5 kwenye maua. Kila unapobadili rangi, tandaza kwanza vitanzi vilivyoko kwenye sindano ya kulia, ndipo ufume kwa uzi unaofuata. Ukiona bado mkono wako unakaza, geuza kofia ndani nje ukiwa unafuma, ili nyuzi za nyuma zipite upande wa nje wa mzunguko, ambako njia ni ndefu kidogo. Mahali uzi unaporuka zaidi ya vitanzi vitano, ubanie katikati kwa kuuvusha juu ya mwenzake, la sivyo kaka yako atakuwa akinasa vidole kila anapovaa.

Fundi wa Igoma alijibu:

Nyongeza kuhusu rangi kufifia. Bila shaka ulikuwa ukibadilisha mpangilio wa nyuzi bila kujua. Uzi unaotokea chini ya mwenzake hutoa vitanzi vikubwa kidogo, na ndiyo maana huonekana zaidi. Basi amua kwamba nyekundu itatokea chini, na usibadilishe hata ukiiweka kazi wiki nzima. Kabla ya kuanza upya, lowesha kipande cha uzi huo mwekundu ukikandamize kwenye kitambaa cheupe. Mimi sikufanya hivyo, nikafua kofia ya mtoto, na michoro ya theluji nyeupe niliyoifuma kwa siku tisa ikageuka rangi ya waridi.

Mama Nyavu alijibu:

Dada, sweta usiiache, ila chagua kwa busara. Sweta za Iceland ziitwazo lopapeysa kwa kawaida huwa na maua mabegani kwa mzunguko, na kiwiliwili kikubwa ni rangi moja, kwa hiyo sehemu ya hatari ni ndogo. Zile za kisiwa cha Fair Isle, kule Shetland, hujaa michoro toka juu hadi chini. Hata hivyo, pamoja na wingi wa rangi zake, kila safu hubeba rangi mbili tu.

Kuhusu uzi, akriliki huteleza na haikai umbo baada ya kuloweshwa kama sufu inavyokaa. Nenda soko la Mlango Mmoja ukatafute sweta za mtumba za sufu, kisha uzifumue. Tazama mshono wa ubavuni kwanza: ukiona kitambaa kilikatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani, sweta hiyo iache, kwa maana utapata vipande vifupi vya uzi badala ya uzi mrefu. Ukitilia shaka, choma nyuzi mbili tatu; sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika, akriliki huyeyuka na kuganda.

Mkazi wa Nansio alijibu:

Na ile shali?

Mfumaji wa Kirumba aliandika:

Shali ipo kabatini, naomba tusiifufue leo. Nimefumua kofia yote. Sampuli mpya ya rangi mbili kwa milimita 4.5 imetoa vitanzi 21, na kwa kuwa ua langu linachukua vitanzi 12, nimeongeza ua la tisa, nikaanza na vitanzi 108, yaani sentimita 51 hivi. Uzi mwekundu umechuja kidogo kwenye kitambaa, kwa hiyo nimeuweka pembeni na kuchukua bluu iliyokoza. Mama Nyavu, Jumamosi naelekea Mlango Mmoja. Je, sweta moja ya mtu mzima ikifumuliwa yote inaweza kutosha kiwiliwili, au ninunue mbili za rangi moja?