Chumba alichokifunga Walter Anderson: ilikuwa halali kukihamishia makumbusho?

MLETA MADA: Walter Inglis Anderson, mchoraji wa Marekani, alifariki Novemba 1965. Katika kibanda chake huko Ocean Springs, Mississippi, kulikuwa na chumba kidogo alichokitia kufuli. Kilipofunguliwa, kuta zote zilikuwa zimejaa siku nzima ya pwani: mashariki alfajiri, kusini mchana, magharibi machweo, kaskazini usiku, na darini ua kubwa la zinia. Leo chumba hicho kimo ndani ya makumbusho yenye jina lake, yaliyofunguliwa 1991. Mimi nasema mwenye mali alishatoa jibu lake: kufuli.

MCHANGIAJI WA 1: Kufuli si wosia, mkuu. Huyu alizaliwa New Orleans 1903, mama yake msanii aliyewapa wanawe watatu brashi na udongo tangu wadogo. Alisomea Pennsylvania Academy, chuo cha sanaa, akarudi kupamba vyungu kwenye karakana ya ufinyanzi ya Shearwater, aliyoianzisha kaka yake Peter 1928. Mwaka 1951 akachora kuta za ukumbi wa mji kwa malipo ya dola 1. Aliyekubali dola moja hakuwa anawaficha watu picha.

MLETA MADA: Na wenyeji waliipokeaje kazi hiyo? Wengi hawakuipenda. Ukichora ukumbini ukanuniwa, ukachora tena chumbani ukafunga mlango, mimi nasoma maana hapo. Msiniletee habari ya ugonjwa wa akili; alilazwa mwishoni mwa miaka ya 1930, zamani kabla ya hapo.

MCHANGIAJI WA 2: Tuache nia, tuseme mbao. Picha iliyo kwenye ubao haihami bila hatari. Kwanza unarudisha magamba ya rangi yaliyoinuka, kwa gundi nyepesi na sindano. Kisha unafunika uso kwa karatasi ya tishu na gundi inayoyeyuka baadaye bila kugusa rangi. Gundi ikiwa kali kuliko mshiko wa rangi yenyewe, siku ya kubandua tishu picha inaondoka nayo. Ukuta unakatwa nyuma, kwenye nguzo, si kwenye uso. Halafu linakuja kosa la kawaida: kutoa mbao iliyozoea unyevu wa pwani na kuiingiza ghafla kwenye kiyoyozi. Mbao inasinyaa kwa upana, viungo vinaachana, na rangi inapasuka kwa mstari mnyoofu juu ya kila kiungo. Unyevu ushushwe polepole, kwa wiki nyingi.

MLETA MADA: Umenisaidia, dada. Hatari yote hiyo ya nini?

MCHANGIAJI WA 2: Ya kimbunga Katrina. Agosti 2005 bahari iliingia Shearwater, kilikokuwa kibanda chake, ikabomoa majengo na kufika hadi stoo ambamo familia ilihifadhi kazi zake. Karatasi za rangi za maji zilizama kwenye maji ya chumvi. Chumba kilikuwa kimeshaondoka.

MCHANGIAJI WA 1: Hapo sina la kuongeza.

MLETA MADA: Mimi ninalo. Chumba kilichochorwa kufuata jua, ukikiweka ndani ya jengo jingine, kinapoteza jua lake. Picha ya rangi ya mafuta makumbushoni hupewa lux 200 hivi (lux ni kipimo cha mwanga), mwanga uleule asubuhi na jioni. Mmeokoa ukuta wa alfajiri, alfajiri yenyewe mmeiacha nje.

MCHANGIAJI WA 2: Jua lile lile lingeula huo ukuta. Taa inaweza kupangwa iamke mashariki na kulala magharibi, ndani ya lux hizo hizo. Dai hilo, nitalitia saini.