Sekretaria zetu za Lubumbashi: zihamie Linux au zibaki na Windows?

Ndugu zangu, mimi nasema sekretaria zetu, yaani maduka ya kuchapa kazi za wateja, zihamie Linux, mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta. Microsoft iliacha kuitunza Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mtu binafsi anayejiandikisha anaongezewa mwaka mmoja tu. Windows 11 nayo inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, kwa kawaida, prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi. Piteni Kasapa, kwenye chuo kikuu, na Kamalondo muone mashine zinazochapa memwari (tasnifu) za wanafunzi: nyingi ni za okazio, zimekwisha kutumika Ulaya. Tuzitupe? Linux Mint, toleo moja la Linux, inatosheka na RAM ya GB 2, ingawa 4 ni bora. Halafu kuna fulashi za wateja zinazoingia kutwa nzima na virusi vyake, karibu vyote vikiwa vimeandikwa kuishambulia Windows. Mwanafunzi akipoteza memwari wiki ya kuitetea, nani atamrudishia? Jandarmeri (polisi wa kijeshi) ya Ufaransa ilianza na OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia, mwaka 2005, watu wakazoea, ndipo ikahamia Ubuntu, toleo jingine la Linux, kuanzia 2008. Njia hiyo hata sisi tunaiweza.

Mwenye sekretaria, komini Kenya: Baba, mteja wangu analeta kazi ya Word. Nikiifungua kwa LibreOffice, programu ya kuandikia inayotumika kwenye Linux, majedwali yanahama, ukurasa wa 40 unakuwa wa 43, profesa anakataa, na hasira zote zinanishukia mimi. Na mji wa Munich, Ujerumani, je? Ulihamia Linux, mwaka 2017 ukaamua kurudi.

Mhasibu, katikati ya mji: Programu yangu ya hesabu za OHADA (kanuni za biashara za nchi kadhaa za Afrika) inakubali Windows peke yake. Mimi nifanyeje?

Jibu langu: Mama, kurasa huhama mara nyingi kwa sababu ya fonti. Pasipo na Times New Roman tumia Liberation Serif, upana wa herufi ni uleule. Pasipo na Calibri, Carlito. Majedwali magumu bado yatakusumbua, hilo ni kweli, na kazi kama hizo zirudishwe kwa mteja azikague kabla ya kuchapwa. Munich iliamua kurudi wakati zaidi ya kompyuta 10,000 zilikuwa zikifanya kazi kwa Linux, kwa hiyo haiwezi kuwa ushahidi kwamba haiwezekani.

Ndugu mhasibu, wewe usihame. Mashine hiyo ibaki na Windows, fulashi ya mteja isiiguse.

Wengine, anzisheni Mint kutoka kwenye fulashi bila kugusa diski, mjaribu printa kwanza. Za HP nyingi hukubali kwa HPLIP, programu ya kuendesha printa za HP kwenye Linux.

Mwanafunzi, Kasapa: Na mega (bando la intaneti) za kusasisha mashine zote hizo atalipa nani? Bei ya ukurasa isipandishwe kwetu.