Upanga wa mazoezi umeota kutu na vijino, nifanyeje?

Wakuu, najifunza upanga mrefu wa Kijerumani. Ubapa una madoa ya kutu, umbo la vidole vyangu kabisa, na makali butu yameota vijino kwa kukinga mapigo. Naupenda sana upanga huu.

— Pole mkuu, hilo ni jasho. Anza na vijino, ndivyo vinavyochana koti la mwenzako. Piga tupa laini mpaka kitambaa kipite bila kunasa hata uzi. Kutu, msasa namba 400 ukifuata urefu wa upanga, kisha mafuta ya cherehani kidogo tu.

— Usiulaze ndani ya ala ya ngozi. Ngozi hushika unyevu.

— Lo! Umo humo tangu juzi, pamoja na glavu mbichi. Nautoa sasa hivi. Asanteni.